Kizibo cha Mkwe

Kumpa mtu kizibo cha chupa ni kumshuku kwamba huwa anabakiza. Mwenye kumaliza chupa hana cha kuzibia. Maneno haya si yangu. Ni ya shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, na aliyatamka kwa adabu zote huku akikanyaga baiskeli inayonizungushia kipande cha mti. Alikanyaga, akafikiri, akakanyaga tena, kisha akauliza: "Shemeji, hapa kwetu nani anabakiza?"

Sikumjibu. Patasi ilikuwa imeshika mahali pabaya, na mtu mwenye patasi mkononi haulizwi falsafa.

Hapa kwao ni Bweyeye, sekta ya wilaya ya Rusizi iliyojificha nyuma ya msitu wa Nyungwe. Ukitoka Kamembe unafuata barabara kuu ya kwenda Huye, unaingia msituni, na ukifika Pindura unaiacha barabara hiyo na kukata kulia. Kisha ni msitu tena, kona juu ya kona, ngedere wamekaa kando ya lami wakikutazama kama walioandikiwa zamu, mpaka nyumba zitokeze. Ng'ambo ya pili ni Burundi. Mimi ni mtu wa Kamembe, nimekulia kwenye makelele ya magari ya Bukavu, na Bweyeye nimeletwa na ndoa. Msitu huu ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na mwaka 2023 UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Miti ya umuyove imesimama humo minene kiasi kwamba watu wazima kadhaa wakishikana mikono hawaizunguki, na mtu mwenye mashine ya kukereza hana ruhusa ya kuokota hata kijiti chake. Ni sawa na mlevi kupangishiwa chumba nyuma ya baa iliyofungwa.

Kwa hiyo mbao zangu ni za nje ya msitu: mkalitusi, msipresi, mgrevilea wa mpakani mwa shamba, tawi la mparachichi lililovunjwa na upepo, mguu wa kigoda uliomshinda mwenyewe. Siku moja nilipanda pikipiki kutoka Kamembe nikiwa na gunia la vipande vya namna hiyo. Njiani mlinzi alitusimamisha, akafungua gunia, akatoa kipande kimoja, akakinusa, akatoa kingine. Akataka kujua ni mti gani. Nikamwambia ni mabaki ya vitanda. Akataka kujua mabaki ya vitanda yanakwenda kufanya nini Bweyeye. Nikamwambia yanakwenda kuwa vizibo vya chupa. Alinitazama kwa muda, akamtazama dereva, na dereva akatazama mbali ili isionekane tunajuana. Tukaruhusiwa kupita. Hakuna magendo ya kijinga kiasi hicho.

Kukereza nilijifunza kwa fundi wa vitanda, kijana nikiwa natafuta kazi yoyote yenye kivuli. Mafundi wa Lamu na Zanzibar wamekereza miguu ya vitanda tangu enzi za mababu zao, ile yenye mabonge na viuno, na fundi wangu alikuwa ameona picha ya kitanda kimoja cha pwani akaishi nayo maisha yake yote. Kila mguu ulipokatwa kwa kipimo kilibaki kipande cha urefu wa kiganja. Kukitupa roho inauma, na kukichoma ni hasara. Mafundi wa kukereza popote duniani hujikuta na rundo la vipande hivyo, na wengi wao, Marekani hata Uingereza, wamefikia jibu lile lile: kizibo cha mapambo. Kinataka mti kidogo, hakichukui muda, na kichwa chake kinakubali umbo lolote, kitunguu, uyoga, mnara wa msikiti, kichwa cha ndege. Kisha, kwa kuwa hakuna mtu anayeingia sokoni akisema leo nahitaji kizibo cha mapambo, hakina njia nyingine ya kuondoka nyumbani isipokuwa kutolewa zawadi.

Mashine yangu ni baiskeli iliyosimamishwa kwenye fremu ya mbao. Tairi la nyuma limevuliwa, na mkanda uliokatwa kwenye tyubu unatoka kwenye rimu kwenda kwenye kigurudumu kidogo chenye misumari inayoshika mti. Upande wa pili kuna msumari mnene ulionolewa ukawa ncha. Shemeji anakanyaga, mti unazunguka, mimi nakata. Fundi mwenye mota huchagua mwendo kwa kubonyeza kitufe. Mimi mwendo wangu unategemea nani anapita njiani. Akipita binti fulani wa ng'ambo ya kijito, mti unazunguka mpaka mkanda unanuka. Simu ikiita, mti unalegea ghafla, patasi inazama, na kichwa cha ndege kinaruka kuelekea kuku. Ukipanga vizibo vyangu vya mwanzo kwa tarehe unaweza kusoma historia yote ya mapenzi ya shemeji. Mahali palipo laini, binti alisimama kusalimia. Penye kovu, alipiga simu kusema haji.

Tabu kubwa zaidi ni unyevu. Msitu unavuta mvua, na Bweyeye ipo katikati ya huo mvuto. Mti mbichi ukikauka haupungui sawasawa: ukifuata mzunguko wa pete zake hupungua karibu mara mbili kuliko unavyopungua kuelekea kwenye kiini. Maana yake, mkia wa kizibo uliokerezwa duara leo utakuwa yai baada ya wiki kadhaa, na sijaona bado chupa yenye mdomo wa yai. Chupa ya divai ina tundu la milimita 18 na nusu hivi, na haikubali majadiliano. Lazima mti ukauke kwanza. Na Bweyeye mahali pakavu ni pamoja tu, juu ya meko ya mama mkwe.

Nilivipanga vipande vyangu darini jikoni kwake, nikiwa nimepaka nta ncha zote mbili ili visipasuke. Vilikaa huko msimu mzima wa mvua. Kila nilipokwenda kusalimia nilivigonga kimoja kwa kingine nikisikiliza mlio, maana mti mkavu unalia na mbichi unanung'unika. Vilikuwa vimeanza kulia vizuri sana. Kisha siku moja nikamkuta mama mkwe amekaa mlangoni na uso wa mtu aliyepokea habari njema.

"Mkwe wangu, Mungu akubariki kwa zile kuni."

Nikakaa.

"Ndogo ndogo, kavu, tena zina nta, zinashika moto zenyewe. Maharage yameiva kabla hata sijamaliza kumenya viazi."

Pale mtu afanye nini? Mkwe katika nyumba za huku ni mgeni wa kudumu. Anapewa kiti kizuri, hasemwi vibaya mbele ya watu, na yeye kwa upande wake hana haki ya kukasirikia chungu cha maharage. Nikamshukuru kwa kunishukuru. Akaniuliza kama naweza kumletea nyingine, "zile zile za saizi ile." Nikala maharage. Yalikuwa na haki ya kuwa matamu, yalipikwa kwa mgrevilea wa kuchaguliwa.

Kizibo cha kwanza kilichonusurika nilimpa yeye. Kilikuwa cha mparachichi, chenye kichwa cha kitunguu, kimesuguliwa kwa msasa kisha kwa kitambaa chenye nta ya nyuki mpaka kikawa kinang'aa. Alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akakitazama kwa chini, akatazama nyuma yangu kuona kama kuna mtu mwingine anakuja.

"Umetuletea kizibo," alisema kwa upole. "Chupa inakuja na nani?"

Hapo ndipo zawadi hii inapoanza kula mfuko. Mtu hatembelei watu mikono mitupu, na kinachotarajiwa mikononi ni kinywaji. Kizibo peke yake ni habari iliyokatwa katikati. Tangu siku ile kila kizibo nilichotoa kilisindikizwa na chupa, na mke wangu, ambaye ndiye anayeshika hesabu za nyumba, akaniuliza kama haitakuwa nafuu kutoa chupa tu. "Baba watoto, watu wanafungua chupa, wananywa, wanashukuru. Kizibo kinabaki mezani, hakuna anayejua akiweke wapi."

Alikuwa na hoja. Chupa ya huku ni Primus, bia inayotengenezwa Gisenyi, na ile kubwa ina sentilita 72. Kifuniko chake ni cha bati lenye meno, kazi ya Mmarekani William Painter aliyepata hataza yake mwaka 1892, na Painter alikusudia waziwazi kwamba kikishang'olewa kisirudi. Ukifungua Primus umeahidi kuimaliza. Ukiiziba kwa kizibo cha mparachichi, gesi inatoroka pole pole, na asubuhi una kitu ambacho hata mbuzi atakinusa na kuondoka. Isitoshe chupa yenyewe si yako, inarudi kwenye kreti. Nimemwona mzee mmoja akijaribu kurudisha kreti dukani na kizibo changu kikiwa bado kimo kwenye chupa moja. Muuzaji hakuelewa amepungukiwa au ameongezewa.

Mtu mmoja tu katika eneo lote anafungua chupa na kuacha zaidi ya nusu, tena kwa sababu ya kazi: padri. Anamimina kidogo kwenye kichupa cha altareni na divai nyingine inangoja kesho. Nilipolitambua hilo nilikaribia kucheka peke yangu njiani. Nikamkerezea kizibo cha msipresi, kirefu, chenye msalaba mdogo juu, na msalaba kwenye baiskeli inayoendeshwa na mtu anayeongea na simu si jambo la kubeza. Akakipokea kwa furaha ya kweli. Wiki iliyofuata akaniita pembeni baada ya misa.

"Mwanangu, hii divai yangu siku hizi ina ladha ya penseli."

Msipresi una mafuta yenye harufu, na ni ndugu wa karibu wa ule mwerezi wa Afrika Mashariki ambao umetumika kutengenezea penseli miaka mingi. Chupa ikilazwa, divai inalamba mkia wa kizibo usiku kucha. Padri alisema haimkwazi sana, inamkumbusha darasa la kwanza, ila amejikuta katikati ya ibada anatafuta kifutio. Kizibo sasa kinakaa juu ya kabati la sakristia, kimesimama wima, na wageni hudhani ni sanamu.

Asali ndiyo niliyoitegemea. Watu wa pembeni mwa Nyungwe ni wafugaji wa nyuki, na asali huuzwa kwenye chupa zilizokwisha kazi nyingine. Asali haiishi siku moja. Jirani yangu mwenye mizinga alikubali kuchukua vizibo vichache, akaziba chupa zake, akaziweka rafuni, zikapendeza mno. Bweyeye ni ya baridi, na asali kwenye baridi huganda. Iliyokuwa imepanda shingoni iliganda na mkia wa kizibo ndani yake, mti na sukari vikawa kitu kimoja. Mteja wa kwanza alivuta, akamwita mumewe. Mume akavuta akiwa ameibana chupa kwa magoti. Wakaja wote wawili kwa jirani, na jirani akaja nao wote kwangu, kwa hiyo tukawa wanne uani tukivuta kichwa cha uyoga. Maji ya moto ndiyo yaliyotuokoa, na asali ikafunguka baada ya wageni kushinda kwangu na kula kwangu.

Jirani hakulalamika. Mkwe wa watu halalamikiwi, hata na jirani. Alichofanya ni kubadilisha maelezo sokoni. Kwa wanunuzi wenye watoto wadogo alianza kuonyesha chupa zile kando na kusema kwa sauti ya chini: hii mtoto hafungui. Aliziuza zote. Mpaka leo kuna watu hapa wanaonijua kama fundi wa kufuli.

Sasa nifike kwenye Umuganura.

Umuganura ni sikukuu ya mavuno, Ijumaa ya kwanza ya Agosti, na ukoo mzima hukutana kwa baba mkwe. Mwaka huo pombe ya ndizi, urwagwa, ililetwa na ndugu wa mabonde ya chini kwenye chupa za kila ukoo. Anayejua urwagwa anajua njia yake: ndizi zinavundikwa shimoni, zinakamuliwa, maji yake yanachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, yanaachwa yachemke yenyewe. Haijui kwamba imeshafika mjini na imevaa chupa. Inaendelea na kazi. Na kila chupa ilikuwa imezibwa kwa gunzi la mahindi.

Magunzi mbele ya wageni, na nyumba ina mkwe fundi! Usiku wa kuamkia sikukuu niliyatoa yote, nikaweka vizibo. Hivi vilikuwa kazi yangu bora kabisa, vichwa vya ndege umusambi, shingo ndefu, kishungi kichwani, na mikia niliyoivika pete za tyubu ili vikaze barabara. Mama mkwe, kwa kuwa usiku ulikuwa wa baridi na yeye ni mtu wa huruma, alizisogeza chupa karibu na meko.

Baba mkwe alikuwa amesimama akihutubia. Alikuwa amefika kwenye shukrani kwa mvua wakati bati lilipogongwa mara moja kwa nguvu. Hakuna aliyeinua macho. Nyumba ile ina mparachichi juu yake, na msimu wake parachichi hudondoka juu ya bati mchana na usiku. Mzee akaendelea. Likagongwa mara ya pili. Mjomba mmoja akasema mwaka huu maparachichi yamezaa. Ndipo binti mdogo akasema kwa sauti safi ambayo watoto huihifadhi kwa shughuli kama hizi: "Ndege wanaruka."

Na kweli walikuwa wanaruka, mmoja baada ya mwingine, kutoka jikoni, kupitia mlango, wakigonga bati, kenchi, fremu ya picha ya harusi yangu mwenyewe. Umusambi mmoja alitua kwenye kibuyu cha shangazi, akang'oa mrija wake, ule umuheha wa kunywea, na kubaki amesimama humo. Nyuma yao ilikuja povu. Shemeji alikimbilia chupa mbili za mwisho akazikumbatia kifuani na vidole gumba juu ya vizibo, akabaki hivyo, hawezi kuachia wala kukaa, mpaka watu walipokubaliana yeye ndiye aelekezwe nje.

Wafaransa waliteswa na jambo hili kabla yetu. Shampeni ina msukumo wa kiasi cha angahewa 5 au 6 ndani ya chupa, vizibo viliwatoroka miaka na miaka, na ni mwaka 1844 ndipo Adolphe Jacquesson alipopata hataza ya kukifungia kizibo kwa waya. Baba mkwe alilieleza kwa ufupi zaidi. Aliokota gunzi moja kwenye takataka, akaliweka mdomoni, akapuliza, upepo ukatokea upande wa pili na kupeperusha majivu.

"Gunzi linapumua, mkwe," alisema. "Hiki chako kinashika pumzi."

Hakuna aliyesema nimeharibu sherehe. Zilianza kutafutwa sababu, na zilipatikana nyingi: ndizi zilikuwa zimeiva kupita kiasi, pikipiki iliyozileta ilikimbia kwenye kona, mtama wa mwaka huu una hasira. Mjomba aliwatetea ndege wangu, akasema kwa mti wameruka vizuri sana. Mama mkwe aliomba radhi kwa ajili ya meko. Nilikaa kwenye kiti changu kizuri, nguo zimelowa urwagwa, nikipokea pole za msiba uliosababishwa na ndizi.

Watoto ndio waliovikusanya vizibo. Kizibo ukikitoa pete ya mpira ni pia, kichwa kizito, mkia mwembamba, na sakafu ya saruji iliyolowa pombe ni uwanja mzuri wa kuzungushia pia. Kesho yake walikuwa uani kwangu kabla sijanawa uso, wamepanga mstari, kila mmoja na kipande chake cha mti mkononi. Sikuuliza vimetoka juu ya meko ya nani.

Shemeji alikuwa ameshapatana nao bei. Yeye anakanyaga kwa zamu na wakubwa wao, mimi nakereza, malipo ni kuni. Alipopanda baiskeli alinitazama kwa jicho la mtu mwenye ujumbe wa ziada.

"Na Mzee ana ombi. Hakutaka kukuambia mbele ya watu. Anauliza kama unaweza kumkerezea gunzi."

"Gunzi la mti?"

"La mti. Zuri, la kuweka mezani wageni wakija. Ila lipumue."

Nikamuuliza anataka litobolewe matundu mangapi. Shemeji akaanza kukanyaga.

"Hilo hakusema. Alisema tu usilipige vanishi, na usilitoe kwenye mti ule wa padri."